Skripti ya Uchambuzi ni Sehemu ya Jalada la Utafiti

Katika vyuo vyetu vya tiba, daktari anayesomea ubingwa hufundishwa mapema kwamba tendo lisiloandikwa kwenye jalada la mgonjwa huhesabiwa kuwa halikufanyika. Akitoa dawa, huandika jina la dawa, kipimo, saa na sahihi yake. Lakini daktari huyohuyo afikapo kwenye tasnifu, hali hubadilika. Huwapima watoto kliniki kwa miezi kadhaa, huingiza vipimo katika kompyuta, kisha hukabidhi faili kwa mchambuzi wa takwimu anayelipwa kwa kazi hiyo, na baada ya wiki mbili hupokea majedwali yaliyokamilika. Ni nini kilichotendeka kati ya vipimo na majedwali? Mara nyingi hapana jalada linaloeleza. Msimamizi hajui, watahini hawajui, na mtafiti mwenyewe hajui.

Hoja ya makala haya ni kwamba daktari mtafiti ajifunze kuandika skripti fupi, kwa lugha ya R au Python, inayotumia maktaba za programu zilizokwisha kuandikwa na wengine. Na kwamba vyuo vyetu viipokee skripti hiyo kuwa sehemu ya lazima ya tasnifu. Hilo halimgeuzi daktari kuwa mhandisi wa programu, kama vile kuandika jalada kusivyomgeuza kuwa mwandishi wa vitabu.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Skripti ni maagizo yaliyoandikwa mstari kwa mstari, ambayo kompyuta huyasoma na kuyatekeleza kwa mpangilio. Maktaba, kwa maana ya wanakompyuta, ni mkusanyo wa programu ndogondogo zilizoandikwa, zikajaribiwa, kisha zikawekwa wazi ili wengine wazitumie. Anayeandika skripti haanzi kutunga upya kanuni za hesabu. Huitaja maktaba kwa jina, huipa data, hueleza data hiyo imepimwaje, na kupokea jibu.

Urithi ulio nyuma ya mistari hiyo michache ni mkubwa. R ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, kwa kufuata mfano wa lugha ya S iliyoanzia katika maabara za Bell nchini Marekani. Python ilitolewa na Guido van Rossum wa Uholanzi mwaka 1991. Chini ya lugha hizi zote mbili zimo maktaba nyingine, kama LAPACK ya hesabu za matriki, iliyotolewa mwaka 1992 na kuandikwa kwa Fortran. Anayechambua muda wa kuishi wa wagonjwa wa saratani kwa R hutumia maktaba iitwayo survival, iliyoandikwa na Terry Therneau wa Mayo Clinic. Daktari aliyeko Mbeya au Kisumu huipata kazi hiyo yote bila kulipia leseni, na anaweza hata kunakiliwa kwenye diski mweko na mwenzake pale ambapo intaneti ni haba.

Nichukue mfano mmoja ambao kila mtoa huduma ya mtoto ataufahamu, nao ni udumavu. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya ukuaji wa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto ambaye urefu wake kwa umri uko chini ya kiwango cha kati kwa zaidi ya mikengeuko sanifu miwili huhesabiwa kuwa amedumaa. Kukokotoa jambo hilo kwa mkono, mtoto mmoja baada ya mwingine, huchosha na hukaribisha makosa. Shirika hilo limeandaa maktaba ya R iitwayo anthro, inayofanya hesabu hiyo kwa maelfu ya watoto kwa muda mfupi sana. Unaipa jinsi, umri, uzito na urefu, nayo inarudisha alama ya kila mtoto.

Hata hivyo maktaba hiyo humuuliza mtumiaji maswali mawili yanayoonekana madogo. La kwanza: je, umri umeandikwa kwa siku au kwa miezi? Usipoieleza, huchukulia kuwa ni siku. Mtoto wa miezi 24 ataonekana kuwa kichanga wa siku 24 mwenye urefu wa zaidi ya sentimita 80. Kosa hili hujitangaza lenyewe, kwa sababu maktaba huziwekea alama ya tahadhari alama za urefu kwa umri zilizo chini ya −6 au juu ya +6. Walioiandika walijua kwamba data za kliniki huchafuka.

Swali la pili ni zito zaidi: je, mtoto alipimwa akiwa amelala au amesimama? Tumchukue mvulana wa miezi 24 mwenye kipimo cha sentimita 81.3. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mpaka wa udumavu kwa mvulana wa umri huo aliyepimwa akiwa amesimama ni sentimita 81.0. Aliyepimwa amelala hupunguziwa sentimita 0.7, kwa kuwa mwili uliolala huwa mrefu kidogo. Basi kama mvulana wetu alisimama, hajadumaa. Kama alilala, kipimo chake kinakuwa 80.6, naye amedumaa. Tarakimu ni ileile, jibu ni tofauti. Mtafiti akiliacha swali hilo bila jibu, maktaba hukisia kwa kufuata umri: aliye chini ya miezi 24 alilala, aliyefikisha au kuvuka umri huo alisimama. Hapa hakuna alama ya tahadhari itakayojitokeza, kwa sababu majibu yote mawili yanawezekana.

Nani anayejua kama mtoto alilala au alisimama? Si Shirika la Afya Duniani, wala mchambuzi anayepokea faili akiwa mjini. Anayejua ni daktari au muuguzi aliyekuwa pale penye ubao wa kupimia, aliyemwona mtoto akilia na kukataa kusimama, ikabidi alazwe. Maktaba imebeba ujuzi wa hesabu; ujuzi wa kipimo umebaki kliniki. Skripti ndiyo mahali ambapo ujuzi huu wa aina mbili hukutana na kuandikwa. Ndiyo sababu nasema haifai iandikwe bila daktari kuwapo.

Historia ya karibuni inaonyesha gharama ya uchambuzi usioacha nyayo. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha njia ya kutabiri, kwa kutazama jeni, ni dawa gani ya saratani ingemfaa mgonjwa. Wanatakwimu wawili wa MD Anderson, Keith Baggerly na Kevin Coombes, walijaribu kuirudia hesabu hiyo wakashindwa. Kwa kuwa hatua za uchambuzi hazikuandikwa kikamilifu, walilazimika kuzikisia kwa kurudi nyuma kutoka kwenye matokeo. Waligundua, pamoja na mengine, kwamba orodha ya jeni ilikuwa imesogea kwa mstari mmoja, na kwamba mahali pengine seli zinazoitikia dawa zilibadilishana jina na zile sugu. Matokeo ya kazi yao yalichapishwa mwaka 2009. Wakati huo tayari wagonjwa walikuwa wakipangiwa dawa katika majaribio ya tiba yaliyotegemea njia hiyo. Majaribio yalisimamishwa, na mwaka 2011 makala ya awali yakaondolewa rasmi. Kusogea kwa mstari mmoja ni jambo linaloweza kumtokea yeyote anayenakili na kubandika kwenye lahajedwali. Katika skripti, kosa kama hilo huonekana na msomaji wa pili.

Mfano mwingine unatoka Uingereza. Mapema Oktoba 2020 ilibainika kwamba wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 hawakuwa wameingia katika hesabu za taifa. Data zilikuwa zikihamishiwa kwenye faili za Excel za muundo wa zamani, ambazo haziwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ilidondoka kimya. Watu waliokaribiana na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa. Agizo moja la kulinganisha mistari iliyoingia na iliyotoka lingetosha kupiga kengele. Maagizo ya namna hiyo ndiyo ninayotaka yawe desturi katika tasnifu zetu: hesabu ya watoto waliopimwa, walioondolewa, sababu za kuondolewa, na waliobaki.

Ni haki kutaja pia hatari za maktaba zenyewe, maana atakayeziamini bila kuzisoma atakuwa amehamisha tu upofu kutoka kwa mchambuzi kwenda kwa mashine. Modeli ya Cox, inayotumika sana katika uchambuzi wa muda wa kuishi, inahitaji kanuni ya kushughulikia wagonjwa waliofariki siku moja. Maktaba ya survival hutumia kanuni ya Efron isipoelekezwa vinginevyo, ilhali Stata hutumia ya Breslow. Data zilezile zaweza kutoa tarakimu zinazotofautiana kidogo. Katika Python, maktaba mashuhuri ya scikit-learn, inapoagizwa kufanya regresheni ya lojistiki bila maelezo zaidi, huvuta makadirio kuelekea sifuri kwa makusudi. Hilo lina manufaa kwa anayetaka kutabiri, lakini humpotosha daktari anayetaka kujua uvutaji sigara unahusiana kiasi gani na ugonjwa fulani. Matoleo nayo hubadilika. Toleo la R 3.6.0 la mwaka 2019 lilibadili njia ya kuchagua sampuli kwa bahati nasibu, hata orodha ya wagonjwa iliyochaguliwa kwa toleo la zamani haitajirudia katika jipya, isipokuwa mtumiaji aagize njia ya awali.

Tiba ya hatari hizi ni skripti ileile. Iandikwe ndani yake toleo la lugha na la kila maktaba, kama tunavyoandika namba ya toleo la chanjo kwenye daftari. Kila chaguo lililoachwa kama maktaba ilivyolikuta, liandikwe kwa uwazi. Kabla ya kuipa maktaba data zote, ipewe mtoto mmoja ambaye jibu lake tumekwisha kulipata kwa mkono kwenye chati. Asiyemtumainia mtu kumpima mgonjwa kwa mizani isiyohakikiwa, asiitumainie programu isiyohakikiwa.

Wapo watakaosema kwamba hii ni kazi ya wanatakwimu, na daktari hana muda. Nawaheshimu wanatakwimu, na napendekeza tuwahitaji zaidi, si pungufu. Daktari aliyeandika skripti, hata yenye kasoro, huweza kukaa na mwanatakwimu wakaijadili mstari kwa mstari. Aliyepokea majedwali hana la kujadili. Kuhusu muda, uchambuzi wa udumavu nilioueleza hauzidi mistari michache, nao hutumika tena mwakani kwa data mpya bila kuanza upya. Wengine watasema kwamba siku hizi akili bandia huandika skripti yenyewe. Ni kweli, na inaweza kumsaidia anayejifunza. Lakini haikuwepo kliniki. Haijui kama mtoto alilala au alisimama, nayo isipoulizwa vema itakisia kama maktaba inavyokisia.

Lipo pia suala la siri ya mgonjwa. Faili inayosafiri kwenye diski mweko kwenda kwa mtu asiyetajwa mbele ya kamati ya maadili ni taarifa za afya zilizotoka mikononi mwa aliyekabidhiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zinaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Skripti husaidia hapa pia, kwa kuwa inaweza kusomwa, kukosolewa na kufundishiwa bila data za mgonjwa hata mmoja kutoka hospitalini.

Napendekeza mambo matatu kwa vyuo vyetu. Mosi, somo la mbinu za utafiti liwe na mazoezi ya kuandika skripti kwa data za mazoezi, kabla mwanafunzi hajaanza kukusanya data zake. Pili, tasnifu iwasilishwe pamoja na skripti inayozalisha kila jedwali lililomo, na mtahini awe na haki ya kuiendesha. Tatu, atakayesaidiwa na mchambuzi aruhusiwe, mradi mchambuzi atajwe na kazi yake iwe imeandikwa, na mwanafunzi aweze kueleza kila mstari mbele ya jopo.

Tarakimu za tasnifu zetu haziishii rafuni. Huingia katika miongozo, katika mipango ya wilaya, na katika uamuzi wa kijiji kipi kipelekewe huduma ya lishe. Mama anayepanga foleni tangu alfajiri ili mwanawe apimwe ametupa kipimo kwa imani. Tunawiwa kuweza kumwonyesha yeyote atakayeuliza kile tulichokifanya kwa kipimo hicho, hatua kwa hatua, hadi kwenye jedwali.