Kiharusi Hakingoji Kikao cha Ukoo

Mtu akiporomoka ghafla nyumbani, mdomo ukapinda upande mmoja, mkono ukalegea na maneno yakamtoka bila kueleweka, jambo la kwanza lifanyikalo katika nyumba nyingi za Kanazi, na za Bukoba na Muleba kwa jumla, ni kuita watu. Mtoto atatumwa kwa baba mkubwa. Kijana aliye Mwanza atapigiwa simu. Atangojewa mwenye fedha, atatafutwa wa kumwombea, na wengine watashauri aachwe alale kwanza. Yote hayo hufanywa kwa upendo, nasi hatuna nia ya kumcheka mtu yeyote. Lakini yatupasa kusema wazi kwamba upendo usiotazama saa humpokonya mgonjwa kitu ambacho hakirudishwi.

Kiharusi ni ugonjwa wa mishipa ya damu ya ubongo. Kiko cha aina mbili. Katika aina ya kwanza, iliyo ya kawaida zaidi, donge la damu huziba mshipa, na sehemu ya ubongo ikakosa damu. Katika aina ya pili mshipa hupasuka na damu ikavuja ndani ya kichwa. Kwa aina ile ya kwanza, makadirio yaliyotolewa na wataalamu mwaka 2006 yaonyesha kuwa mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza seli kama milioni 1.9 kila dakika. Ndiyo kusema, wakati ukoo unajadili nani alipe nauli, ubongo wa mgonjwa unakufa kidogo kidogo.

Zamani maneno haya yangekuwa ya kusikitisha tu, kwa sababu hapakuwa na la kufanya. Sivyo ilivyo leo. Mwaka 1995 madaktari wa Marekani walithibitisha kuwa dawa ya kuyeyusha donge, iitwayo alteplasi, humsaidia mgonjwa akichomwa ndani ya muda wa saa 3 tangu kiharusi kianze. Mwaka 2008 utafiti uliofanywa Ulaya uliusogeza mpaka huo hadi saa 4 na nusu. Mwaka 2014 zikakusanywa habari za wagonjwa 6,756. Ikaonekana kuwa kati ya kila wagonjwa 100 waliopata dawa ndani ya saa 3, wapatao 33 walipona bila ulemavu wa maana, ambapo kwa wasioipata walikuwa 23. Walioipata baada ya saa 3 lakini kabla ya saa 4 na nusu, faida ilishuka ikawa watu 5 tu katika 100. Baada ya hapo faida haikuonekana waziwazi. Dawa ni ile ile. Kilichobadilika ni saa.

Iko pia njia ya kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa na kulitoa donge lenyewe. Majaribio ya mwaka 2015 yaliithibitisha kwa saa 6 za kwanza, na ya mwaka 2018 yakaonyesha kuwa baadhi ya wagonjwa waweza kusaidiwa hata kufikia saa 24. Asije mtu akadhani kuwa hiyo ni ruhusa ya kukaa. Wagonjwa hao ni wachache, waliochaguliwa kwa picha maalumu baada ya kuonekana kuwa ubongo wao ulikuwa bado na sehemu ya kuokolewa.

Tena, dawa ya kuyeyusha donge si ya kuchezea. Mgonjwa ambaye mshipa wake umepasuka akipewa, yaweza kumwua. Kwa macho hakuna awezaye kuzitenga aina hizo mbili kwa uhakika, awe daktari au mganga. Hapana budi kichwa kipigwe picha kwa mashine ya CT. Kwa sababu hiyo hiyo, mgonjwa asipewe aspirini nyumbani, wala asinyweshwe kitu, kwani koo lake laweza kuwa limelegea naye akapaliwa.

Sasa na tuhesabu. Aliyeanguka saa 1 asubuhi, mlango wa dawa humfungia saa 5 na nusu. Kutoka Kanazi hadi mjini Bukoba si safari ya kumaliza muda huo. Lakini mgonjwa huyo akipewa rufaa ya kwenda Bugando, Mwanza, ana zaidi ya kilomita 400 mbele yake. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwezi Juni 2025, limetuondolea adha ya kungoja kivuko, nasi twashukuru. Ila daraja halifupishi kilomita. Hata gari lingekwenda kilomita 80 kwa saa bila kusimama, saa 5 zingekwisha. Kwa kiharusi, rufaa ya Mwanza ni rufaa iliyochelewa kabla haijaandikwa. Tiba hii haina budi kupatikana hapa hapa mkoani.

Wako watakaosema kuwa nchi yetu ina maradhi mengi, na kwamba tupime shinikizo la damu kwanza. Ni kweli kwamba kupima na kumeza dawa kila siku ndiyo kinga iliyo rahisi kuliko zote, na asiyefanya hivyo anajitafutia msiba. Lakini kiharusi si ugonjwa wa matajiri wa ng'ambo. Utafiti uliofanywa nchini kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta kwamba, baada ya kusawazisha umri, watu 108 katika kila 100,000 hupatwa kwa mwaka wilayani Hai, na 315 jijini Dar es Salaam. Utafiti mwingine, wa mwaka 2008, ulionyesha kuwa Dar es Salaam wengi walikitaja kiharusi kuwa ni kazi ya mashetani au uchawi, hali watu wa Hai walitaja zaidi shinikizo la damu. Basi ujinga huu si wa shamba peke yake.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na mashine ya CT inayofanya kazi usiku na mchana, msomaji wa picha, na dawa yenyewe, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Mgonjwa atibiwe, ndipo aulizwe habari za malipo. Pili, mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, umetufundisha kuwa mama mjamzito akipiga namba 115 aweza kupata gari, hata la dereva wa kijijini. Na mwenye kiharusi apatiwe njia kama hiyo.

Tatu ni letu wenyewe, wala halingoji bajeti. Uso ukipinda, mkono ukilegea, usemi ukiharibika, tazameni saa. Kumbukeni ni lini mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho, kwani ndilo swali la kwanza atakaloulizwa na daktari. Mgonjwa aondoke na wawili. Waliobaki wakae kikao.