Babu anatetemeka: tuuze shamba tumwekee betri?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi naishi Uyole, Mbeya. Baba mkwe wangu yuko Ilula, Iringa, na ana ugonjwa wa Parkinson. Anatetemeka hadi kikombe cha chai kinamshinda. Mume wangu ameona video kwenye simu: mzee anawashiwa kifaa kifuani na mkono unatulia palepale. Sasa anataka tuuze shamba la viazi tumpeleke nje. Shamba hilo ndilo linalosomesha watoto wetu watatu. Nikihoji, naambiwa simpendi mkwe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuuliza si kukosa upendo. Video hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa, ila kuna mambo haikuonyesha.

Matibabu hayo yalianzia Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, kwa daktari Alim-Louis Benabid na wenzake. Waya mwembamba, kama milimita moja na kitu, hupenyezwa ndani ya ubongo. Kwenye ncha yake kuna elektrodi, yaani vipande vya chuma vinavyotoa umeme mdogo, mara nyingi mapigo kama 130 kwa sekunde. Betri hukaa chini ya ngozi ya kifua. Kutetemeka hupungua, lakini ugonjwa hauponi.

Sasa tuje kwenye betri. Ile isiyochajiwa hudumu takriban miaka mitatu hadi mitano, halafu mgonjwa hurudi kwa daktari kupasuliwa kifua na kuwekewa nyingine. Ikiisha ghafla, dalili zinaweza kurudi kwa kishindo. Ipo ya kuchaji juu ya ngozi, nayo hudumu miaka mingi zaidi, lakini inataka umeme wa uhakika na mtu wa kumkumbusha mzee kuchaji.

Ndiyo maana wataalamu wanahangaika kuunda elektrodi zisizokula umeme mwingi. Za zamani ni kama pete: zinamwaga umeme pande zote. Ni kama mfereji wa kumwagilia vitunguu unaovuja njiani: maji mengi yanatoka mtoni, shambani yanafika kidogo. Tena umeme unaovuja kwenda pasipotakiwa huweza kufanya ulimi uwe mzito au misuli ikakamae. Baadhi ya elektrodi mpya pete yake imegawanywa vipande vitatu, ili daktari auelekeze umeme upande unaohitajika. Wengine wanabadilisha umbo la chuma chenyewe ili umeme kidogo ufanye kazi ileile. Faida si ndogo: volti zikiongezwa mara mbili, nguvu inayotumika hupanda karibu mara nne. Kila kinachookolewa hapo husogeza mbali upasuaji unaofuata.

Kwa hiyo, kabla ya kuuza shamba, kaeni na mumeo muulizane haya:

1. Je, mzee ameonwa na daktari wa mishipa ya fahamu, na amejaribu vidonge vya levodopa kwa dozi sahihi na kwa saa zilezile kila siku? Dawa ndiyo huanza.

2. Je, anafaa kupasuliwa? Mara nyingi wanaofaidika ni wale ambao dawa inawasaidia lakini nguvu yake inakatika katikati. Mwenye kumbukumbu iliyoharibika sana huenda asifae.

3. Nani atarekebisha kifaa akisharudi? Huduma hii si ya kawaida katika hospitali za Nyanda za Juu Kusini, na kifaa kinahitaji kurekebishwa mara kwa mara.

4. Betri ya pili italipwa na shamba lipi?

Anzeni na hospitali ya rufaa ya Iringa, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapo Mbeya, muombe ushauri kama apelekwe Dar es Salaam. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta wengi wenye Parkinson hawajawahi kugunduliwa na daktari. Mzee wenu tayari jina la ugonjwa wake analijua, hiyo ni hatua.

Na watoto waambieni wazi: babu hajarogwa, hajalewa, na hawataambukizwa. Kikombe chake kijazwe nusu, kiwe na mkono mpana, naye aachwe anywe mwenyewe taratibu. Hilo linawezekana leo jioni, na shamba halijauzwa.