Kabla ya Kuacha Kazi na Kwenda Ng'ambo



Siku hizi katika matawi yetu haupiti mwezi bila mwanachama kuja kuaga. Huyu ni mwalimu, yule ni nesi, mwingine ni dereva au karani, na wote wana kazi za kudumu. Wengine wanakwenda Uingereza na Ujerumani, wengine Saudi Arabia, Qatar na Dubai. Wakisha kwenda, maneno hubaki nyuma yao. Wazee wa chama husema watu hao wametupa kazi iliyopiganiwa kwa jasho. Vijana hujibu kwamba kazi ya kudumu haishibishi watoto.

Mimi naona haifai kumtukana anayeondoka. Kila mtu ana haki ya kuuza nguvu zake kwa yule anayelipa vizuri, na hayo ndiyo tunayoyadai sisi wenyewe kila tunapokaa mezani na matajiri. Mshahara ukisimama huku unga, kodi ya nyumba na karo vikipanda, nani atamlaumu mtu kwa kutafuta kwingine? Lakini wengi wanaoaga huuliza jambo moja tu: "Watanilipa kiasi gani?" Yafaa waulize kwanza hili: "Nikitaka kumwacha tajiri huyo, nitakuwa nani katika nchi ile?"

Sisi watu wa Kenya swali hilo si geni kwetu. Tangu mwaka wa 1919 na 1920 Mwafrika mwanamume alilazimishwa kuchukua kipande, akakivaa shingoni katika kibati. Ndani yake iliandikwa kazi yake na mshahara wake, na tajiri alipaswa kutia sahihi ndipo mtu aweze kuondoka. Aliyeondoka bila sahihi alikuwa ametoroka, na polisi walimtafuta kama mwizi. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, kipande kilikuwa moja ya mambo aliyoyapinga, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi wakafa. Na kazi ya kudumu nayo haikuanguka kutoka mbinguni. Mombasa watu wa bandarini waliishi kwa kibarua cha siku, leo kipo, kesho hakipo. Baada ya mgomo mkuu wa Januari 1947 ndipo wakubwa walipoanza kufikiri kwa bidii juu ya kumpa mtu kazi ya kutegemewa.

Sasa tazama sheria ya kafala katika nchi za Ghuba. Ruhusa ya mgeni kukaa nchini ilifungwa kwa tajiri mmoja. Akimwacha bila idhini, tajiri hutoa habari kwamba ametoroka, na mfanyakazi ndiye anayekamatwa. Ni kweli kwamba mambo yameanza kurekebishwa. Qatar mwaka wa 2020 ilifuta ile ruhusa ya tajiri ya kubadili kazi. Saudi Arabia ililegeza masharti Machi 2021, lakini watumishi wa nyumbani hawakuingizwa katika sheria ile, na hao ndio dada zetu wengi. Tena Saudi Arabia vyama vya wafanyakazi havikubaliwi. Aliyezoea kumwita katibu wa tawi akionewa, huko hana wa kumwita.

Usidhani Ulaya jambo hili halipo. Uingereza ilifungua mlango kwa wafanyakazi wa kutunza wazee na wagonjwa Februari 2022. Tarehe 11 Machi 2024 ikakataza waliokuja baada ya hapo kuleta watoto, mke au mume. Tarehe 22 Julai 2025 ikafunga mlango kwa maombi mapya kutoka nje. Mtu aliyeacha kazi yake hapa Juni mwaka ule kwa ahadi ya wakala tu, Agosti alikuwa hana kazi huku wala huko. Na aliyekwisha kufika, visa yake imefungwa kwa tajiri aliyemdhamini. Tajiri huyo akinyang'anywa leseni, hata kwa makosa yake mwenyewe, mfanyakazi kwa kawaida hupewa siku 60 kupata mdhamini mwingine, la sivyo arudi kwao. Lakini kuna tofauti kubwa: Uingereza chama kipo. UNISON hupokea wafanyakazi wa hospitali na wa matunzo, mgeni na mwenyeji. Ukifika, jiandikishe kabla hujanunua koti la baridi.

Basi, anayekwenda na aende kwa utaratibu. Usiandike barua ya kuacha kazi kwa sababu ya maneno ya simu. Ngoja mpaka mkataba na visa viwe mkononi, usome kila ukurasa, na nakala uwaachie watu wa nyumbani. Wakala akikudai ada ya kukutafutia kazi ya hospitali au ya matunzo Uingereza, ujue kanuni za huko zinamkataza. Omba kwanza likizo bila malipo. Ukinyimwa, umepoteza nini? Ukiacha kazi, toa notisi ya maandishi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka siku 28, isipokuwa mapatano yenu yanataka zaidi. Dai malipo ya likizo usiyoichukua, na dai cheti cha kazi, maana sheria hiyo hiyo inamlazimu tajiri kukitoa. Anayetoroka usiku huacha haki hizo mezani, na siku akirudi mlango wa zamani humkuta amejifungia mwenyewe.

Chama nacho kina wajibu. Katika mapatano yajayo tudai kifungu cha likizo bila malipo ya mwaka mmoja au miwili kwa mwanachama mwenye mkataba wa ng'ambo, ili akirudi akute kazi yake. Matajiri watasema haiwezekani. Walisema hivyo hivyo juu ya mambo mengi ambayo leo tunayaona ya kawaida. Na kila tawi liwe na mtu mmoja wa kusoma mikataba hii pamoja na wanachama kabla hawajatia sahihi. Ni kazi ya saa moja, nayo yaweza kumwokoa mtu miaka miwili ya taabu.

Anayeaga tumpe mkono, lakini kabla ya kuuachilia tumwulize: nani atashika karatasi zako huko? Kama hana jibu, akae kitako kwanza.