Kuku wa Uani na Hesabu Zao



Wengi wetu tuishio mijini tumewahi kusimama dukani mwisho wa mwezi, tukatazama bei ya trei ya mayai, kisha tukajiambia: "Kwa nini nisifuge kuku wangu mwenyewe?" Wazo hilo ni jema. Lakini yai la nyumbani si la bure, na adhaniye kuwa ni la bure ndiye apataye hasara. Leo, basi, tuzungumze juu ya kuku kumi wa mayai, idadi inayofaa ua mdogo.

Kabla ya kununua msumari wa kwanza, pita ofisi ya serikali ya mtaa wako ukaulize kama ufugaji unaruhusiwa, kisha uzungumze na jirani. Kuku hahitaji jogoo ili atage. Kwa hiyo mwache jogoo sokoni, na jirani yako alale. Banda la urefu wa mita 2 na upana wa mita moja na nusu latosha. Tandaza maranda makavu ya mbao sakafuni, weka viota vitatu mahali penye kigizagiza, na ukaze wavu imara kuzuia vicheche na paka.

Banda hujengwa mara moja. Chakula hununuliwa siku zote, nacho ndicho gharama kubwa kupita zote. Ukianza na vifaranga, utawalisha wiki 18 hadi 20 kabla ya kuona yai la kwanza, na kila mmoja atakuwa amekula karibu kilo 6 au 7. Asiye na akiba ya miezi hiyo heri anunue kuku waliokaribia kutaga, ingawa bei yao ni ya juu.

Sasa twaa kalamu. Kuku anayetaga hula kiasi cha gramu 120 kwa siku. Kuku kumi, basi, hula kilo 36 kwa mwezi. Wakitaga vizuri, mayai 8 kwa siku, utapata trei 8 kwa mwezi; yaani kila trei imekula kilo 4 na nusu za chakula. Wakishuka wakawa wanataga mayai 4 kwa siku, trei ile ile itakuwa imekula kilo 9. Linganisha bei ya kilo hizo na bei ya trei mtaani kwako, na hapo utajua kama kuku wanakulisha au unawalisha tu.

Mimi mwenyewe niliponzwa na jambo hilo. Chakula kilipopanda bei, nilikiongeza pumba nyingi ili gunia lidumu. Gunia lilidumu kweli, lakini mayai yakapungua kwa nusu, na mengine yakatoka na maganda laini. Nikajaziliza kwa fedha tuliyokuwa tumeiweka kwa sare za shule za mtoto. Mke wangu ndiye aliyefungua daftari, akaniuliza kwa upole: "Baba watoto, tunawafuga kuku hawa, au wao ndio wanaotufuga?" Sikuwa na jibu. Mtoto alifungua shule na sare ya mwaka uliopita.

Kosa langu lilikuwa kusahau kwamba yai hutengenezwa kwa kile anachokula kuku. Pumba humshibisha, lakini hazimpi protini ya kutosha wala chokaa ya kutengenezea ganda. Mashudu, dagaa na chokaa vina kazi yake. Maji safi nayo yasikosekane hata saa chache, hasa wakati wa joto, kwani kuku mwenye kiu hupunguza kutaga.

Usibane matumizi upande wa chanjo pia. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, hakina dawa, na chaweza kufagia banda zima kwa siku chache. Ipo chanjo ya tone moja jichoni, ambayo hurudiwa kila baada ya miezi 3. Muulize bwana mifugo. Na akikupa dawa ya ugonjwa mwingine, usile wala usiuze mayai mpaka siku atakazokutajia zipite.

Mwisho, usiwaonee haya kuku wako. Baada ya mwaka mmoja na ushei wa kutaga, mayai hupungua. Daftari likionyesha kwamba trei imezidi bei ya dukani, wauze kwa nyama, safisha banda, anza upya. Samadi itie kwenye bustani ya mchicha.

Andika kila kilo inayoingia na kila yai linalotoka, hata lile waliloliwa watoto asubuhi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.