Mtindi usilale kwenye ndoo ya bati

Mzazi mwenzangu, huku Rungwe maziwa yapo, na watoto wanapenda mtindi. Je, unaugandishia wapi? Ndoo ya bati imepakwa zinki ili isishike kutu upesi, ndiyo maana inafaa kukingia mvua zetu za Tukuyu. Maji matupu hayaili sana zinki. Lakini asidi ya mtindi, limau au ukwaju huila taratibu, nayo huyeyukia humohumo. Mtoto akinywa anaweza kuumwa tumbo na kutapika.

Sufuria ya alumini pia ipikie tu, usilazie vyakula vichachu. Mtindi uweke kwenye kibuyu, chupa ya kioo au chombo cha stenlesi. Mtoto akitapika, mwahi kituo cha afya, na utaje chombo alichonywea.