Maksi za Uso

Wazazi kadhaa walituuliza kwa nini mabinti wa darasa la saba wanakimbilia banda la video kila Jumamosi. Jibu ni mchezo wa mapenzi wa Korea Kusini, My ID is Gangnam Beauty, uliotoka mwaka 2018, sehemu 16. Sisi walimu wa kujitolea tulikwenda kuchunguza tu. Tukanogewa. Sasa mmoja wetu ndiye anawatafsiria kwa sauti, maana maandishi ya chini ni ya Kiingereza.

Hadithi yenyewe ni ya Kang Mi-rae, msichana aliyechekwa sura miaka yote ya shule. Kabla ya kuingia chuo kikuu anafanyiwa upasuaji wa uso. Anaanza kusoma kemia akidhani mateso yamekwisha. Kumbe! Wenzake wanatambua kwamba uso ule ni wa hospitali, wanamwita mrembo wa Gangnam. Gangnam ni eneo la Seoul lenye kliniki nyingi za kazi hiyo, na kuitwa hivyo siyo sifa, ni tusi. Basi alichekwa kwa ubaya, sasa anachekwa kwa uzuri.

Yupo pia kijana Do Kyung-seok, anayeigizwa na Cha Eun-woo. Akitokea tu, kelele za banda zinashinda jenereta. Tusiseme mengi.

Kilichotushika ni kingine. Mi-rae mwenyewe, kila akiona mwanamke, kimoyomoyo anampa maksi za uso. Yaani aliyeumizwa na kipimo kile ndiye anatembea nacho. Mtafsiri wetu alinyamaza kidogo pale, mpaka watoto wakapiga miluzi.

Alinyamaza kwa sababu muhula huu tulikamata karatasi ya wavulana darasani: majina ya wasichana, kila mmoja na maksi zake juu ya 10. Tulicheka. Ndiyo, sisi walimu. Mmoja wetu akasema hata, "Huyu wamempunja." Halafu tukachana karatasi, tukaendelea na hesabu. Aliyepewa 2 alikuwa dawati la mbele.

Baada ya wiki mbili alikuja amejifunika kitambaa. Alikuwa amejipaka mkorogo, ule unaouzwa sokoni kwa kijiko, mashavu yamebabuka. Siku iliyofuata hakuja. Wazazi, baadhi ya mafuta hayo yana zebaki, na zebaki inaharibu figo, siyo ngozi tu. Mtoto akibabuka aache mara moja, apelekwe zahanati, na kikopo mwende nacho wakione.

Tuna lawama moja kwa waliotengeneza mchezo huu. Wanatuambia Mi-rae alikuwa mbaya, lakini sura yake ya zamani karibu wanaificha kabisa, nywele zimefunika au kamera iko mgongoni. Wanaogopa nini? Na Hyun Soo-ah, yule mrembo wa kuzaliwa, anajitapisha chakula ili asinenepe. Mabinti wanamzomea. Sisi tulimwonea huruma kuliko wote.

Jumapili iliyopita tulikwenda kwa yule msichana. Mama yake alitutandikia mkeka. Binti akabaki nyuma ya pazia. Tulipoanza kusema habari za masomo, alitukatiza kutoka kulekule:

"Mwalimu, mulicheka. Nilisikia."

Hatukuwa na la kujitetea. Tuliomba msamaha, mbele ya mama yake na wadogo zake. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza kama ni kweli Mi-rae anaolewa na yule kijana. Tukamjibu kwamba hatusemi, aje aone mwenyewe.

Jana alikuja, kitenge kichwani, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Aliondoka kabla taa hazijawashwa. Dawati lake lipo palepale mbele, na wavulana tumewakataza kulihamisha. Sehemu ya 9 ni Jumamosi, saa kumi.