Mbwa wa Boma Naye Atayarishiwe Kuzaa



Ng'ombe wa gredi akikaribia kuzaa, kila mtu nyumbani ajua. Siku zimehesabiwa, nyasi kavu zimetandikwa bandani, dawa ya iodini iko dirishani, na namba ya simu ya daktari wa mifugo iko tayari. Hilo ni jambo jema. Lakini mbwa jike wa boma lile lile akikaribia kuzaa, hakuna ajuaye siku. Watu huja kusikia vilio vya watoto wachanga chini ya ghala la mahindi, na mvua imekwisha kuingia humo.

Maoni yangu ni kwamba mbwa jike astahili kutayarishiwa kuzaa kama mnyama mwingine yeyote wa shamba. Tena nasema kwamba mkulima asiyetaka kutayarisha asimwache mbwa wake apate mimba. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, niliyesomea ualimu, wala si daktari. Hata hivyo mambo haya ni ya kila mwenye boma, na yafaa tuyazungumze wazi.

Najua wako watakaosema, "Mbwa huzaa mwenyewe. Nani aliwasaidia mbwa wa zamani?" Ni kweli, mbwa wengi huzaa bila msaada. Lakini tazama mahali wanapozaa leo. Mtoto wa mbwa huzaliwa kipofu na kiziwi, na katika majuma mawili ya kwanza hawezi kujipatia joto la mwili wake mwenyewe. Katika baridi ya Kinangop au Ol Kalou, mtoto aliyelala juu ya udongo wenye maji aweza kufa usiku mmoja, ingawa mama yake ana maziwa tele. Kumpa mama mahali pakavu si kumwingilia kazi yake, ni kumwondolea adui. Baada ya hapo mwache afanye kazi yake.

Wengine watasema, "Karo ya shule haijalipwa, nawe wataka ninunue vitu vya mbwa?" Hapana. Vitu karibu vyote viko nyumbani mwako. Kinachotakiwa ni kuviweka pamoja mapema.

Kwanza hesabu siku. Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi; wengine huzaa siku ya 58, wengine hufika siku ya 68. Andika tarehe aliyopandwa, kama vile uandikavyo ya ng'ombe. Majuma mawili kabla ya siku kufika, vitu hivi viwe tayari:

1. Kasha la mbao, au pembe ya banda iliyozibwa upepo. Kwa mbwa wa kawaida wa boma, urefu wa futi 4 na upana wa futi 3 watosha. Upande mmoja uwe mfupi ili mama apite, lakini watoto wasitoke. Pigilia kijiti kuzunguka kuta za ndani, kiasi cha inchi 4 kutoka sakafuni na inchi 4 kutoka ukutani, ili mtoto aliyebanwa nyuma ya mama apate nafasi ya kupumua. Watoto wengi hufa kwa kulaliwa.

2. Magazeti makuukuu na vitambaa safi vilivyokauka. Unga wa mbao haufai, kwa sababu huingia puani mwa watoto.

3. Taulo kuukuu mbili au tatu za kuwapangusa watoto.

4. Uzi wa pamba, mkasi uliochemshwa na chupa ndogo ya dawa ya iodini kwa ajili ya vitovu.

5. Sabuni, karai na maji ya moto ya kunawia mikono yako.

6. Chupa ya kutilia maji ya moto, izungushiwe kitambaa kizito. Yafaa kuliko taa ya mafuta, maana taa karibu na magazeti huweza kuchoma banda na nyumba pia.

7. Kipimajoto, kikipatikana. Joto la kawaida la mbwa ni digrii 38 na zaidi kidogo. Likishuka mpaka karibu na 37, kuzaa hufuata kwa kawaida ndani ya saa 24.

8. Mzani wa jikoni, kalamu na daftari.

9. Namba ya daktari wa mifugo, na simu yenye chaji.

Mweke mama katika kasha lake siku kadhaa kabla ya kuzaa ili apazoee. Asipopapenda atakwenda kuzaa atakako yeye, na kazi yako itakuwa bure.

Siku ya kuzaa, mtu mmoja aliyezoeana na mbwa akae karibu kwa utulivu. Watoto wa nyumbani na majirani wakae mbali, kwa sababu hata mbwa mpole huuma akiwa na uchungu. Kila mtoto huja katika ngozi nyembamba, na kwa kawaida mama huipasua na kumlamba mtoto. Asipofanya hivyo mara moja, wewe pasua, pangusa pua na mdomo, kisha msugue mtoto kwa taulo mpaka alie. Usimzungushe hewani kama wafanyavyo wengine, maana waweza kumwumiza ubongo. Mama asipokata kitovu, kifunge kwa uzi kiasi cha inchi moja kutoka tumboni, kata mbele ya uzi, upake iodini. Kisha mrudishe mtoto kwa mama anyonye, kwa kuwa maziwa ya siku ya kwanza ndiyo yenye kinga.

Sasa sikiliza kwa makini dalili za hatari. Mama akijikakamua kwa nguvu zaidi ya nusu saa bila mtoto kutoka, mpigie daktari simu. Zikipita saa 2 tangu mtoto wa mwisho, nawe wajua wengine wamo tumboni, piga simu. Ukiona uchafu wa rangi ya kijani kabla ya mtoto wa kwanza, piga simu. Usivute kwa nguvu, wala usimpe dawa za kienyeji wala sindano uliyoshauriwa na muuza duka. Na katika majuma ya kwanza ya kunyonyesha, mama akianza kutetemeka, kukakamaa miguu na kuhema ovyo, usingoje kesho. Huenda amepungukiwa na chokaa ya damu, na ugonjwa huo huua upesi. Nao hutibika vizuri daktari akifika mapema.

Mzani ni wa siku zinazofuata. Pima kila mtoto kila siku, uandike. Mtoto mzima huongezeka uzito kila siku, na kwa siku ya 10 au ya 14 huwa amefikia karibu mara mbili ya uzito aliozaliwa nao. Asiyeongezeka hapati maziwa, basi msogeze kwenye chuchu. Maziwa ya ng'ombe peke yake hayamtoshi, kwa kuwa maziwa ya mbwa yana mafuta na protini zaidi ya maradufu. Mama naye aongezewe chakula na maji, maana anaponyonyesha watoto wengi huhitaji hata mara mbili au tatu ya chakula chake cha kawaida. Lakini asipewe matumbo mabichi ya kondoo wala ya ng'ombe. Humo mna mbegu za minyoo ya tegu, ambayo humrudia kondoo kwa njia ya mavi ya mbwa, na mtu pia.

Minyoo mingine hupita kutoka kwa mama hadi kwa watoto tangu tumboni na katika maziwa. Kwa hiyo dawa ya minyoo ianze watoto wakiwa na majuma mawili, irudiwe kila baada ya majuma mawili mpaka waachishwe. Mama apewe wakati huo huo. Minyoo hiyo huwapata pia watoto wa binadamu wanaocheza kwenye udongo wa boma.

Nimeacha mwisho kitu kimoja ambacho hakimo katika kasha, nacho kwangu ni kikubwa kuliko vyote. Ni karatasi yenye majina. Kabla mbwa wako hajazaa, andika majina ya watu watakaochukua watoto wake, watu waliokubali kwa vinywa vyao. Mbwa mmoja aweza kuzaa watoto 6 au 8 kwa mara moja. Ukiwa na majina mawili tu, wale wengine watakwenda wapi? Twajua wanakokwenda. Hutiwa guniani na kumwagwa sokoni au kando ya barabara. Wachache wanaopona huwa mbwa wasio na mwenyewe, huua kondoo wa skimu usiku, na hakuna awapelekaye kwenye chanjo.

Hapo ndipo jambo hili linapowagusa watoto wetu. Kichaa cha mbwa kimejulikana katika nchi yetu tangu mwaka 1912. Karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani huambukizwa na mbwa, na dalili zikisha kuonekana kwa mtu, hakuna tiba ya kutegemewa. Mwaka 2014 Serikali ilitoa mpango wa kukomesha vifo hivyo ifikapo mwaka 2030, na njia yake kuu ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100, kila mwaka. Lakini fikiri: kila mara watoto wa mbwa wanapozaliwa na kutupwa, hesabu ile huharibika. Leo kijiji kimechanja mbwa wake, na kabla mwaka haujaisha kimejaa mbwa wapya wasio na kinga. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo mchanje mbwa jike kabla hajapandwa. Watoto wake wachanjwe wakifika miezi mitatu, na kila achukuaye mmoja aambiwe hivyo. Wasiondoke kwa mama kabla ya majuma 8. Kama hutaki watoto wa mbwa, uliza ofisi ya mifugo habari ya kumfunga kizazi. Ni gharama ya mara moja. Na mtu yeyote akiumwa na mbwa, hata awe mbwa wa nyumbani anayelinda watoto wake, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mbwa hulinda ng'ombe, kuku na mahindi yetu usiku tukiwa tumelala, wala hadai mshahara. Kumtafutia kasha, vitambaa na uzi si anasa ya matajiri. Ni kazi ya alasiri moja. Basi mkulima mwenye mbwa mwenye mimba aanze leo: atafute mbao, akusanye magazeti, kisha akae na jamaa yake waandike yale majina. Na majina yakikosekana, ajue mapema kwamba mimba nyingine isiwepo.